Nani Alipe Mafunzo ya Wasaidizi wa Watu Wenye Ulemavu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama tawini. Tunaichapa kama ilivyosemwa.)



Nakushukuruni kwa kunipa nafasi hii, na kwanza nakuombeni radhi, kwani najua kuwa wengi wenu mmekuja leo mkitaraji kusikia khabari za uandikishaji na za bei ya mchele. Hayo yatasemwa na wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimekuja na jambo ambalo sijapata kuliona likipigiwa makofi katika mkutano wowote, nalo ni jambo la mikono: mikono inayomwosha, inayomlisha, inayomgeuza kitandani na inayomwongoza njiani mtu ambaye mwili wake au akili yake haimwezeshi kuyafanya hayo peke yake. Mikono hiyo ni ya nani? Nani aliifunza? Na nani anailipa?

Nitaanza nyumbani kwetu, maana asiyeanza kwake hana haki ya kuingia kwa jirani.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kusema, lakini alifahamu kila lililosemwa, na wageni wasiolijua hilo walifedheheka mara nyingi mbele yake. Baada ya mama yetu kufariki, shangazi ndiye aliyemlea. Wala sijaona mtu aliyempenda mwenzake kama shangazi alivyompenda mtoto yule. Alimlaza chali mapajani mwake, akamwinua kidevu, akammiminia uji kidogo kidogo. Na kila baada ya wiki chache mtoto alishikwa na kifua na homa, tukawa tunakwenda hospitali usiku. Baadhi yetu tulisema ni upepo wa baridi. Wengine walisema ni jicho la watu. Miaka ikenda hivyo hivyo mpaka siku moja alipoingia mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku chache yaliyolipiwa na wafadhili. Alitazama mara moja tu namna mtoto anavyolishwa, akasema kwa adabu, "Shangazi, hebu tumkalishe." Akamkalisha wima, akamwegemeza mto ubavuni, akamwinamisha kidevu kidogo, akampa kijiko kimoja, akangoja ameze ndipo akampa chengine. Kumbe miaka yote ile uji wetu ulikuwa ukiingia mapafuni mwake. Kifua hakikwisha kabisa, nisiseme uwongo, lakini kilipungua hata shangazi akawa analala usiku.

Shangazi hakuwa na upungufu wa mapenzi. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha, na maonyesho yenyewe hayakuzidi nusu saa.

Sasa nakuulizeni: yule mama aliyemkalisha mtoto yuko wapi leo? Yuko hotelini, pwani ya mashariki, anafua mashuka ya watalii. Simlaumu hata kidogo. Baada ya mafunzo yake alipewa karatasi nzuri yenye mihuri miwili, na juu yake imeandikwa kuwa "amehudhuria". Haikuandikwa kuwa anajua, wala kuwa amepimwa, wala kuwa ana daraja fulani. Alizunguka na karatasi hiyo kutafuta kazi ile ile aliyofundishwa, na kila alikokwenda aliambiwa kuwa hakuna kazi yenye jina hilo. Wafadhili nao muda wao ulikwisha, wakafunga mradi wakenda zao. Basi ujuzi ule, ambao uliokoa pumzi ya mtoto nyumbani kwetu, sasa unakunja mashuka.

Na shangazi alipozeeka, nani alichukua nafasi yake? Binti wa kaka yangu, aliyetolewa skuli akiwa kidato cha pili. Nami nilikuwapo katika kikao cha ukoo kilichokata shauri hilo. Tulikuwa wanaume sita, sote tumesoma, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Tutafute mtu tumlipe." Mimi pia sikusema. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo, kwani deni lile silioni kuwa limekwisha.

Msidhani kuwa nazungumzia nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa mtu 1 katika kila 6 ulimwenguni ana ulemavu wa namna fulani. Katika sensa ya mwaka huo huo visiwa vyetu vilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773. Si wote wenye ulemavu wanaohitaji msaidizi, tusifanye kosa hilo. Wengi wanachotaka ni ajira, au ngazi iondolewe mlangoni mwa ofisi, wala hawapendi kushikwa mkono na kila mpita njia. Lakini wapo ambao bila ya msaidizi hawatoki kitandani, hawali, hawafiki skuli, wala hawafahamiani na daktari. Na kila mmoja katika hao ana mtu nyuma yake, aghalabu mwanamke, ambaye hahesabiki kuwa ana kazi.

Kuna fikra iliyotuganda vichwani kwamba kazi hii haihitaji elimu, kuwa ni huruma tu. Hebu tuitazame. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa ubavu mmoja usiku kucha, ngozi hufa chini ya mfupa, na kidonda cha kulala kikishachimba huweza kumuua. Kwa hiyo hugeuzwa takriban kila saa mbili, na ngozi yake hukaguliwa kwenye visigino, nyonga na mgongo. Mtu mzima akinyanyuliwa na mtu mmoja kwa kuvutwa kwapa, huumia bega yeye na huumia mgongo anayemnyanyua. Wakiwa wawili na shuka imara, kazi huwa nyepesi. Mwenye kifafa akianguka, wengi wetu hapa tungekimbilia kumtia kijiko mdomoni, nasi tungemvunja meno au kumziba pumzi. Alipaswa kulazwa ubavu, kuondolewa vitu vya kumwumiza, na kutazamiwa saa, maana degedege ikipindukia dakika 5 ni ya kukimbizwa hospitali. Asiyeona havutwi kwa fimbo yake kama mbuzi wa sadaka. Yeye ndiye hukushika mkono juu ya kiwiko nawe ukatangulia nusu hatua. Na mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, ambaye kibofu chake hakijimwagi, huhitaji mtu aliyefundishwa kumtoa mkojo kwa mpira safi mara kadhaa kwa siku, la sivyo figo zake huharibika kimya kimya.

Hayo ni ya mwili. Yapo mengine magumu zaidi. Msaidizi apaswa kujua kunyamaza. Daktari anapomwuliza yeye, "Huyu anaumwa na nini?", ajue kusema, "Mwulize mwenyewe." Ajue kuwa nguo ya leo huchaguliwa na mwenye kuivaa. Ajue la kufanya akiona alama za kipigo. Hii ni taaluma kama taaluma nyengine. Dereva wa daladala haruhusiwi kubeba hata kuku wetu bila ya leseni, lakini mtu yeyote anaruhusiwa kumnyanyua, kumlisha na kumfungia mlango mtu asiyeweza kupiga kelele.

Wako watakaosema kuwa natia chumvi. Kwa hao nitaeleza lililotokea Afrika ya Kusini, tena si zamani.

Katika jimbo la Gauteng walikuwapo watu zaidi ya 1,000 wenye maradhi na ulemavu wa akili wakitunzwa katika majumba ya Life Esidimeni kwa mkataba na serikali ya jimbo. Mwaka 2015 wakubwa wa afya wa jimbo walitangaza kuwa mkataba utavunjwa ili kupunguza gharama. Kila mgonjwa alikuwa akigharimu randi 320 kwa siku. Waliopewa kazi badala yake, yaani vijumuiya vidogo vidogo, walilipwa randi 112. Mwaka 2016 watu wakahamishwa kwa haraka, wengine bila ya faili zao na bila ya jamaa zao kuambiwa. Msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alipochunguza na kutoa taarifa yake Februari 2017, alikuta kuwa vijumuiya vyote 27 viliendesha kazi kwa leseni zisizokuwa halali. Waliopokea wagonjwa wengi hawakuwa na ujuzi wala vifaa vya kazi hiyo. Watu walikufa kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi, kwa maradhi ya mapafu. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alipotoa uamuzi wake Machi 2018, hesabu ya waliokufa ilikuwa 144.

Ndugu zangu, tofauti ya randi 320 na randi 112 ndiyo iliyoonekana kuwa faraja ya hazina. Nailetea mkutano huu hesabu hiyo kwa sababu kila mara tunapodai mafunzo tunaambiwa kuwa fedha hakuna, kana kwamba kutofunza ni bure.

Wala ahadi hazikukosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ndani yake dola zimejifunga kukuza mafunzo ya wale wanaofanya kazi na watu wenye ulemavu, na katika kifungu cha 19 umetajwa kwa jina msaada wa mtu binafsi unaomwezesha mtu kuishi katika jamii yake asitengwe. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, miaka minne kabla ya Bara. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni fungu la fedha lenye jina la kazi hii.

Sisemi kuwa hapajafanywa kitu. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985, na wenyewe ndio waliobeba hadi vijijini mpango wa marekebisho ya kijamii, ule ambao Shirika la Afya Duniani liliutilia nguvu baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 na kuuandikia kitabu cha mafunzo mwaka 1989. Ulikuwa mpango wa busara: mtu mmoja wa kijijini afunzwe, naye awafunze jamaa za mwenye ulemavu huko huko nyumbani kwao. Lakini ulisimama juu ya watu wa kujitolea. Na kujitolea, mabwana, kuna mwisho wake. Mtu hujitolea mwaka mmoja, miwili, kisha watoto wake hutaka viatu vya skuli. Tuliwasifu kwa hotuba na fulana, nao wakaondoka mmoja mmoja.

Hata matajiri hili limewashinda walipolifanya nusu. Huko Marekani, katika miaka hii ya karibuni, wasaidizi kama 4 katika kila 10 huacha kazi kila mwaka, kwa kuwa mshahara ni mdogo kuliko wa kupanga bidhaa dukani. Mwaka 2021, baada ya pigo la korona, serikali kuu yao iliongeza kwa mwaka mmoja mchango wake katika huduma za majumbani, na baadhi ya majimbo yakatia sehemu ya fedha hizo katika mafunzo na vyeti vya wasaidizi. Chama chao cha wasaidizi, NADSP, kilichoundwa mwaka 1996, kina vyeti vya daraja tatu, na anayeomba hupimwa kwa ushahidi wa kazi aliyokwisha kuifanya kwa mikono yake. Hilo la kupimwa kwa kazi nimelipenda. La fedha za mwaka mmoja silipendi, maana tunalijua vizuri hapa kwetu. Ndilo lililompeleka yule mama hotelini.

Sasa niseme ninalolitaka chama chetu kilisimamie Baraza la Wawakilishi litakapokaa kwa bajeti.

Kwanza, kazi ipewe jina na daraja zake katika Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Mkokotoni na Vitongoji vijana hufunzwa ufundi wa mikono na hupimwa. Kwa nini ufundi huu usiwemo? Lakini nataka mnielewe vyema hapa, kwa sababu hapa ndipo nia njema hugeuka dhulma. Tukisema tu kuwa kila msaidizi lazima awe na cheti, na cheti kikauzwa, tutakuwa tumemfungia mlango mwanamke aliyetunza watu miaka 20 na hana hata ada ya fomu, tukamfungulia kijana ambaye hajapata kumgeuza mtu kitandani. Kwa hivyo mjuzi wa zamani apimwe kwanza alichonacho, bila ya malipo, apewe daraja anayoistahiki, kisha afunzwe lile tu asilolijua. Na wasiojua kusoma wapimwe kwa mdomo na kwa vitendo. Mgonjwa haulizi hati nzuri.

Pili, wanaopima wawe pamoja na watu wenye ulemavu wenyewe. Mkalimani wa lugha ya alama apimwe na kiziwi, kwani sisi tunaosikia tutajuaje kuwa amekosea? Pawe na daftari la wasaidizi waliothibitishwa, na atakayempiga au kumwibia anayemtunza afutwe, asiweze kuhama kijiji akaanza upya.

Tatu, fedha. Ipo kodi ya kuendeleza ujuzi, ambayo waajiri hutozwa kwa hesabu ya mishahara wanayoilipa. Jina lake latosha kueleza kazi yake. Tudai sehemu yake ikatwe kwa ajili hii kila mwaka. Hesabu niliyoipiga ni yangu mwenyewe, Katibu anaweza kuisahihisha: tuseme wanafunzi 100 kwa mwaka, Unguja na Pemba, siku 100 za masomo, na kila mmoja apewe shilingi 10,000 kwa siku ya nauli na chakula ili asilazimike kuacha njiani. Hizo ni shilingi milioni 100. Tuseme walimu, vitanda vya kujifunzia na upimaji vigharimu mara mbili ya hapo. Jumla ni milioni 300. Wenye kujua bei ya magari yanayowangoja wakubwa nje ya mikutano watanisaidia kwa hesabu iliyobaki.

Mtasema, na baada ya cheti je? Hilo ndilo swali lenyewe, kwani cheti kisichokuwa na mshahara ni pambo la ukutani. Mnakumbuka kuwa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka hazina yake wenyewe, bila ya kungoja mfadhili. Sisi ni chama cha upinzani, lakini jema tusione haya kulisifu. Njia ile ile yaweza kupitisha posho kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa, ili yeye mwenyewe amchague msaidizi wake katika lile daftari, amwajiri, na ikimbidi amwachishe. Ianze kwa shehia chache, kwa wale wasioweza kujigeuza, kisha ienee.

Kuna mzee mmoja aliniambia jana, nilipomsomea maneno haya, kuwa nataka kuondoa utu wetu: jamaa kumtunza jamaa yao ni sifa yetu, na leo nataka ilipwe. Nilimjibu kuwa mwalimu wa chuoni hulipwa na hakuna anayesema amepoteza dini yake. Jamaa atabaki kuwa jamaa. Shangazi angependa vile vile hata kama angekuwa na mtu wa kumpokea saa sita za mchana akalala. Nami nilimwuliza mzee yule swali moja, na sasa nakuulizeni nyinyi: katika nyumba yenu, aliyetolewa skuli kwa ajili ya utunzaji alikuwa mtoto wa kiume au wa kike? Alicheka, kisha akanyamaza.

Bwana Mwenyekiti, sikuja na maneno peke yake. Nimemletea Katibu daftari tupu. Naomba kila mwanachama, kabla ya kutoka, aandike humo iwapo nyumbani kwake au jirani yake yupo mtu anayehitaji msaidizi, na nani anayemtunza, na amemtunza kwa miaka mingapi, na kama aliwahi kufundishwa chochote. Majina ya wagonjwa yasiandikwe, shehia inatosha. Mjumbe wetu akisimama Barazani awe na hesabu ya shehia zetu mkononi. Nimekwisha kuandika mstari wa kwanza: mmoja, mtunzaji ni binti wa kaka yangu, miaka tisa, hakufundishwa ila na jirani.

Kalamu iko mezani. Wassalaam.